Mgomba Mbele ya Nyumba ya Hakimu

Asubuhi tulipoambiwa kwamba maiti inaletwa kwetu, mama alikuwa uani akipepeta simsim. Aliyeleta habari alikuwa mwendesha bodaboda wa mtaa wetu pale Koboko, kijana aliyezoea kumpeleka baba kortini. Alisimama langoni bila kuzima pikipiki. Alisema watu wa Abuku wamemtoa marehemu wao mochwari, jeneza limo ndani ya pikapu, lakini pikapu haikushika njia ya Abuku.

"Inakuja huku," alisema. "Wanauliza nyumba ya hakimu."

Kisha akaondoka haraka, maana hakutaka kukutwa kwetu.

Simsim iliyokuwa imerushwa juu ikarudi, nusu ndani ya ungo, nusu mavumbini. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimekuja likizo, na kitu cha kwanza kilichonitia hofu hakikuwa maiti. Zilikuwa zile mbegu ambazo mama hakuinama kuziokota.

Mtu wa mbali huenda asielewe kwa nini tuliogopa hivyo, kwa hiyo nieleze. Kwetu West Nile ziko koo ambazo, mtu wao akifa kwa mkono wa mtu na wakaona haki imewapita, hawaendi kulalamika mara ya pili. Humbeba marehemu wao mpaka mlangoni kwa yule wanayemlaumu, wakachimba pale pale mbele ya kizingiti, wakamzika. Viongozi wa dini hukemea, polisi hukemea, na bado hufanyika. Nyumba yenye kaburi la mgeni mlangoni hailaliki. Huwezi kulifukua, kwa sababu wewe si ndugu. Huwezi kulisahau, kwa sababu kila asubuhi ndilo la kwanza kukuamkia. Wageni huacha kuja. Mwisho wenye nyumba huhama, bati hung'olewa na upepo, na nyasi ndizo zinazomaliza kesi.

Baba alikuwa hakimu wa Koboko. Alizaliwa Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, mtoto wa wakulima wa muhogo na tumbaku, na kabla ya kuwa hakimu alikuwa wakili mwenye chumba kimoja karibu na soko la Arua, mahali ambapo wateja walimngoja wakiwa wamekalia magunia ya dagaa ya duka la jirani. Alikuwa na suti moja. Alikuwa pia na kitabu kisicho na jalada, alichokiokota kwa muuza vitabu wa kando ya njia huko Kampala alipokuwa mwanafunzi, na sisi tulilelewa na kitabu hicho kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura.

Kilihusu maisha ya mwanasheria mmoja wa Marekani, wa karne ya kumi na tisa. Mtu huyo alizaliwa shambani, akajifunza sheria kwa kufagia ofisi ya wakili mwingine na kusoma vitabu vyake wakati mwenyewe amekwenda kula. Siku ya kupewa ruhusa ya kufanya kazi aliulizwa maswali machache na wazee, mmoja wao akiwa anasinzia. Akatetea wezi wa farasi, akatetea wajane, akasuluhisha majirani waliogombea mipaka ya mashamba, na hatimaye akawa jaji. Jaji wa nchi ile na enzi ile hakukaa mahali pamoja. Alipanda farasi, vitabu vya sheria vikiwa ndani ya mifuko ya tandiko, akazunguka kutoka wilaya hadi wilaya, na mawakili wakimfuata nyuma. Katika nyumba za wageni walilala wawili wawili kitanda kimoja, watu ambao kesho yake wangechambuana kama karanga mbele yake.

Baba alicheka kila alipofika kwenye vitanda hivyo. Alisema hakuna kilichobadilika. Korti yake ilipokwenda kusikiliza kesi karibu na Omugo, kwenye makazi ya wakimbizi, hakimu, karani, mwendesha mashtaka na mshtakiwa mwenye pingu walipanda pikapu moja, kwa kuwa pikapu ilikuwa moja. Njiani wakinunua mahindi ya kuchoma, mshtakiwa naye alipewa, na askari alimfungulia mkono mmoja ale.

Lakini sura tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya umati. Jaji yule alikataa kumtoa mfungwa ambaye watu walitaka kumnyonga bila kesi, nao wakaja nyumbani kwake na mienge na kamba. Kwa simulizi ya baba, jaji alitoa kiti nje, akaketi barazani, akajaza kiko chake taratibu, akawauliza nani kati yao angependa kuanza. Hakuna aliyeanza. Mienge ikazimika mmoja mmoja, na kila mtu akarudi kwake akiona aibu ya kutazamana na mwenzake. Baba alipofika hapo alitutazama, na sisi tukahema.

Sasa umati ulikuwa njiani kuja kwetu.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja wa Abuku alikuwa akiendesha baiskeli kwenda sokoni na gunia la muhogo nyuma. Pikapu ya mfanyabiashara mmoja ikamgonga, na kijana akafa siku hiyo hiyo. Dereva alikamatwa, akaletwa mbele ya baba, na baba akampa dhamana. Sheria inasema mtu mwenye makazi na wadhamini anaweza kungoja kesi yake akiwa nje, na baba aliifuata sheria. Alieleza mbele ya wote kwamba kesi haijaisha, kwamba haijaanza hata kuanza, kwamba dereva atarudi. Ndugu wa marehemu walisikiliza. Halafu wakamwona dereva akitoka kwa mlango uleule waliotokea wao, akapanda gari, akaenda. Huku kwetu watu wengi wana maana moja tu ya mlango wa korti: anayetoka amepona. Hakuna maelezo yanayoshinda macho.

Usiku ule dereva akatoweka mjini. Asubuhi wenye msiba walikwenda kwake kwanza, wakakuta mlango una kufuli na jirani hajui kitu. Maiti iko garini, jua linapanda. Wakauliza: nani alimfungulia?

Baba alifika nyumbani kwa miguu, koti la suti mkononi, uso wake umepauka kama mtu aliyetoka malaria. Alikuwa amekwisha wapigia polisi. Waliokuwapo kituoni walikuwa wachache, wengine wamepelekwa mpakani upande wa Kongo, na waliobaki walisema watakuja. Hakuwasukuma. Alimwambia mama kwamba askari wawili wenye bunduki na jeneza moja ni hesabu asiyotaka kuiona mbele ya nyumba yetu.

Mama alikuwa amekwisha funga nguo zetu ndani ya shuka. "Twende Arua," alisema. "Gari za Arua zipo."

"Tukienda watazika, na hakutakuwa na mtu wa kusema neno."

"Na tukikaa?"

Baba aliingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka barazani. Nilikitazama kile kiti nikajua anafanya nini, na kwa mara ya kwanza maishani hadithi ilinitisha kuliko kitu chenyewe. Nilimfuata nikamwomba anisimulie tena sura ya umati. Alinisimulia. Aliisimulia yote, kiko na mienge na swali lile, kwa sauti ndogo, akitazama barabara. Kisha, kwa kuwa hakuvuta kiko na mikono yake haikuwa na cha kushika, akachukua ungo wa mama akauweka magotini, akaanza kuchagua mawe katika simsim. Mbegu ziliruka zenyewe ndani ya ungo. Nilidhani ni upepo, mpaka nilipoona miti imetulia.

Nyumba ile ilikuwa ya kupanga, na hilo nilipaswa kulitaja mapema. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kinubi, Mwislamu, mzee aliyeishi chumba cha nyuma na kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Wajukuu wake walimwita Habuba, yaani bibi, nasi tukamwita hivyo. Aliipenda nyumba yake kuliko meno yake, na alisema hivyo mwenyewe, kwani meno yalikuwa yamekwenda na nyumba imebaki. Baba yake aliijenga kwa matofali aliyoyachoma kwa mikono yake. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kinachokuja. Alikuwa nyuma, anasuka, redio imewashwa.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kilio cha wanawake wengi hakiji kama sauti. Huja kama hali ya hewa. Kuku walinyamaza. Majirani waliingiza watoto ndani, na nikasikia komeo moja baada ya jingine, kutoka mwanzo wa mtaa mpaka kwetu. Pikapu ilikata kona ikitembea kwa mwendo wa mtu. Wanawake walikuwa nyuma yake wakiwa na matawi mikononi, na juu, kando ya jeneza la mbao mbichi, walikaa vijana wenye majembe na sururu.

Hawakuamkia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko majembe. Huku kwetu hata anayekuja kukugombeza hukuamkia kwanza, akauliza habari za nyumba, ndipo akagombeza. Hawa walishuka, wakapima kwa macho kutoka kizingiti mpaka njiani, wakaanza kuchimba. Udongo wa Koboko ukikauka huwa mgumu, na sururu ya kwanza ilidunda kama imegonga mlango. Mama alinibana ukutani kwa mgongo wake. Niliuhisi moyo wake ukipiga kupitia mgongo, na sikujua kwamba moyo hupiga mpaka huko.

Baba alikuwa amekaa na ungo wake. Hakuuliza nani angependa kuanza. Walikuwa wamekwisha anza.

Mama wa marehemu alikuwa mwanamke mfupi, miguu mitupu, amejifunga kiunoni shati la mwanawe. Hakulia. Alisimama karibu na jeneza akimtazama baba tu, kama mtu anayengoja zamu yake kaunta.

Hapo ndipo Habuba alipotokea kutoka nyuma, kawa ambayo haijaisha ikining'inia mkononi na uzi wake. Aliangalia shimo. Aliangalia jeneza. Akauliza nani amewapa ruhusa kuchimba kwake, na kijana mmoja, bila kuacha kuchimba, akamwambia akae mbali, hii ni kesi yao na hakimu.

"Hakimu gani?" alisema Habuba. "Hakimu iko mupangaji tu. Hata ile kiti anakalia iko yangu. Mukizika hapa, huyu mtoto atalala kwa mlango ya mwanamuke muzee wa Kinubi, na mimi hapana ua mutu. Halafu nani atamuombea? Mimi sijui maombi yenu."

Sururu zikasimama. Ndugu walitazamana. Walikuwa wamefanya kosa, na lilikuwa kosa kubwa kwao kuliko kwetu, kwa sababu maiti iliyozikwa kwa mtu asiye na hatia humgeukia aliyeizika. Mtu mmoja nyuma alicheka bila kutaka, kicheko cha hofu, akapigwa kiwiko. Mimi nilianza kupumua. Niliona kama umati wa kitabuni unatawanyika, niliona mienge ikizimika, nikamtazama Habuba kama mtu anavyotazama mvua.

Ndipo mama wa marehemu akasogea barazani.

"Mheshimiwa," alisema. "Kama hii hapana nyumba yako, ile yako iko wapi?"

Habuba alijua alichokifanya. Mama alijua, nami nilijua. Nyumba yetu yenyewe iko Pajulu. Pale walizikwa babu na baba wa babu, pale bibi yangu alikuwa siku hiyo hiyo, peke yake, labda akianika muhogo, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna jeneza barabarani linalotafuta mlango. Pikapu ilikuwa na mafuta. Barabara ya Arua ilikuwa nyeupe mbele yao.

Baba angeweza kudanganya. Nilimwomba moyoni adanganye. Angetaja kijiji chochote, wangepotea huko mpaka jua lizame, na maiti isingengoja zaidi. Aliweka ungo chini. Akasimama, akashika nguzo ya baraza.

"Iko Pajulu," alisema. "Ukipita kanisa, ni ya kwanza upande wa kushoto. Mama yangu yuko pale."

Kilio kilikatika. Naamini hawakutegemea kujibiwa. Mwanamke yule alimtazama muda mrefu, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, kama wanazungumza wawili tu.

"Basi kuja na sisi," alisema. "Kuja Abuku, muweke wewe mwenyewe kwa udongo, na mikono yako. Ukimulaza wewe, yeye hapana fuata wewe. Ukikataa, tunaenda kwa mama yako."

Mama alimshika baba mkono wa shati. Hakuongea Kiswahili, aliongea lugha yetu, haraka, lakini nilisikia kila neno. Alimwambia akienda kwenye mazishi ya upande mmoja, kesi haitakuwa yake tena, wakili wa dereva atasimama kesho na kusema hakimu amekaa na wenye msiba, na mzungu yule wa kitabu asingethubutu kufanya hivyo. Alimwambia pia kwamba huenda asirudi. Hilo alilisema mwisho, na ndilo alilotaka kusema tangu mwanzo.

Baba alivaa koti lake. Akafunga vifungo vyote, kama siku za hukumu. Akapanda nyuma ya pikapu, akaketi kando ya jeneza, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi miguu yake ilining'inia nje. Nilichobaki nikikiona gari lilipogeuka ni viatu vyake vyeusi vya kortini vikipishana hewani, kama vya mtoto aliyekaa juu ya ukuta.

Sijui kuandika mchana ule. Nimejaribu katika riwaya, nikaupa maneno mazuri, nikaona aibu nikayafuta. Mama alikaa ukingoni mwa lile shimo lililofika magotini, akaanza kuokota simsim mavumbini, mbegu moja moja. Habuba alitandika mkeka wake, akaswali, akabaki hapo hapo baada ya kuswali. Polisi walifika, wakaangalia shimo, wakauliza maiti iko wapi, wakaambiwa, wakasema basi ni vizuri. Kila gari lililopunguza mwendo lilinipasua. Nilimwona baba amezikwa pamoja na kijana yule. Nilimwona chini ya majembe. Kisha nikamwona bibi Pajulu akiinua macho kutoka kwenye muhogo wake, na hapo nililia kwa sauti, na Habuba akaniambia ninyamaze, machozi ya mapema huita msiba.

Alirudi jua likizama, amebebwa na mwendesha bodaboda wa Abuku ambaye hakumfahamu. Udongo ulikuwa umejaa kwenye vifungo vya koti. Alisema wamemzika. Alisema alishuka kaburini mwenyewe kupokea jeneza upande wa kichwa, na mama wa marehemu akampa maji ya kunawa. Hakusema zaidi. Aliketi kwenye kile kiti, na mama akamvua viatu kama anavyovuliwa mgonjwa.

Habuba ndiye aliyekumbuka shimo. Alisema shimo la kaburi likifunguliwa halikai na njaa, litatafuta mtu. Baba akamwuliza kwa upole kama dini yake inasema hivyo. "Shimo haijui dini," alijibu. Kwetu, na kwa makabila mengi ya huku, kaburi lililochimbwa bila kuzikwa mtu hupewa shina la mgomba badala yake. Mama alileta mgomba kutoka nyuma ya nyumba, wakaulaza humo usiku haujaingia, wakafukia. Lakini mama alikuwa mwalimu wa mjini, hakujua kwamba shina hukatwa juu ya mizizi. Aling'oa mgomba pamoja na tunguu lake na mizizi yake. Baada ya mvua chache ukachipua. Hakuna aliyethubutu kuukata, na hakuna aliyethubutu kula ndizi zake. Zilioza juu yake zikaliwa na ndege.

Yote aliyoyasema mama yalitimia. Wakili wa dereva alilalamika, na alikuwa na haki. Baba alijitoa kwenye kesi kabla ya kutolewa. Faili likangoja hakimu mwingine, hakimu akakawia, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na dereva, ambaye kwa kweli alikuwa amejificha kwa shemeji yake tu na alirudi siku ya kwanza ya kesi, aliona hakuna anayemngoja, akavuka mpaka. Baba alihamishwa, akafanya kazi miaka michache mbali na sisi, akaacha. Sasa ni wakili tena, mzee, ana chumba chake Arua, na wateja bado hungoja juu ya magunia.

Nilipoanza kuandika, na kukutana na vijana wengine wa Arua wanaosomeana kazi zao Jumamosi, nilitaka kuandika juu ya jaji yule wa Marekani. Niliomba kitabu. Kiingereza changu cha utotoni hakikutosha kukisoma, na baba ndiye aliyekuwa mdomo wa kitabu siku zote. Sasa nilikisoma mwenyewe. Kila kitu kilikuwamo: ufagio, mzee anayesinzia, farasi, vitanda. Nikafika kwenye umati. Jaji aliwasikia wakija, akatoka kwa dirisha la jikoni, akapanda farasi bila tandiko, akakimbilia wilaya nyingine. Alirudi mambo yalipopoa. Hakuna kiti wala kiko, na mfungwa alinyongwa.

Nilimpelekea baba ukurasa huo Pajulu, akiwa ameketi nje anafunga viatu. Sikumwuliza kitu, nilimwonyesha tu. Aliutazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani.

"Siku zote nilikuwa naogopa kuliko ninyi wote," alisema. "Nilitaka ndani ya nyumba awepo mtu mmoja asiyeogopa."

Mwaka jana nilikwenda Koboko kumwona Habuba. Nilikuta mgomba umekuwa kichaka, umepita kimo cha bati, majani yanakwaruza ukuta. Chini yake alikuwa ameinama mwanamke mfupi, anang'oa magugu kwa jembe dogo. Nilimtambua kabla hajageuka, kwa jinsi alivyosimamisha miguu, na hofu yote ilirudi, sawa na ilivyokuwa, haijazeeka hata siku moja. Habuba alinieleza baadaye kwamba mwanamke yule huja siku za soko, miaka yote hii. Shimo lilichimbwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo hapendi liote magugu. Hunywa chai, huzungumza juu ya bei ya muhogo, huenda zake.

Aliniangalia, akafuta mikono.

"Wewe mutoto ya hakimu," alisema. "Baba iko?"

Nikasema yupo, anasalimu.

"Alinisaidia kulaza mutoto yangu. Vizuri." Akakung'uta udongo kwenye jembe. "Na ile kesi, aliweka wapi?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile ya simsim, na naandika vyangu, na nilisimama mbele yake nikashika ukuta kama baba alivyoshika nguzo. Hakukasirika. Alikata kichana cha ndizi kwa jembe lake, ndizi zilizoiva vizuri, akaniwekea mikononi, akasema nimpelekee mzee.

Nilizibeba mpaka Arua juu ya mapaja, nikiogopa kuziweka chini, nikiogopa kuzishika. Pajulu, baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia pia swali, kwa maneno yaleyale. Mama alisema zitupwe. Baba alichukua ndizi moja, akainuka kutoka kitini, akaimenya na kuila polepole akiwa amesimama wima, viwiko karibu na mwili, kama mtu anayesomewa hukumu.